Upepo wa Jua na Mito ya Umeme Angani

1. Sindano isiyotulia

Dira ni chombo kidogo, lakini ni rafiki mkubwa wa mabaharia. Ndani yake mna sindano yenye nguvu ya sumaku, nayo huelekea kaskazini mchana na usiku, bahari ikiwa shwari au ikiwa imechafuka. Sababu yake ni kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa, nayo huigeuza sindano ielekee upande wake. Nahodha asipoweza kuziona nyota kwa ajili ya mawingu, huitazama dira, akaijua njia yake.

Walakini mtu akiitazama sindano hiyo kwa kioo cha kukuzia, ataona ya kuwa haitulii kabisa. Mwaka 1722 fundi wa saa mmoja wa London, jina lake George Graham, aliona ya kuwa sindano yake husogea kidogo sana kila siku, ikaenda upande na kurudi. Mwaka 1741, katika mji wa Uppsala nchini Uswidi, Anders Celsius na Olof Hiorter waliona jambo la ajabu zaidi. Usiku, mianga ya rangi ilipotokea angani upande wa kaskazini, sindano yao ilitikisika kama kwamba imeguswa na mkono wa mtu. Wakaandikiana na Graham, na ikaonekana ya kuwa tarehe 5 Aprili mwaka ule sindano ya London nayo ilitikisika siku ile ile. Miji hiyo miwili imeachana kwa maili zaidi ya 800. Ni mkono gani, basi, ulioweza kuzigusa sindano mbili zilizo mbali namna ile?

Mwanzo wa jibu ulipatikana mwaka 1820 katika mji wa Copenhagen. Mwalimu wa chuo kikuu, Hans Christian Ørsted, alipitisha umeme katika waya uliokuwa karibu na dira, na mara sindano ikageuka. Akafahamu ya kuwa umeme upitao huwa na nguvu ya sumaku kandokando yake. Tangu siku hiyo, sindano ikigeuka wala hapana sumaku nyingine karibu, mtu mwenye akili hana budi kuuliza, "Je, umeme wapita wapi?" Mwaka 1882 Balfour Stewart, mtaalamu wa Scotland, alijibu kwa ujasiri: umeme huo wapita juu, katika hewa yenyewe.

2. Hewa ipitishayo umeme

Neno hilo ni gumu kusadikika, maana hewa tuivutayo haipitishi umeme kwa urahisi. Kwa sababu hiyo nyaya za umeme hutundikwa juu ya nguzo bila kufungwa kitu, wala umeme haumwagiki njiani. Lakini hewa ya juu sana si kama hii ya chini. Kutoka maili 50 hivi juu ya ardhi na kuendelea, hewa ni nyepesi mno, na miali mikali ya jua huipiga bila kizuizi. Kila atomu ya hewa ina vijipande vidogo sana vya umeme viitwavyo elektroni. Miali ya jua huvibandua vijipande hivi kutoka katika atomu zao, vikazagaa huku na huku. Atomu iliyopokonywa elektroni yake huitwa ioni, na tabaka lote hilo la hewa huitwa ayonosfia. Katika ayonosfia umeme waweza kupita, kama maji yapitavyo katika mfereji.

Watu walipata ushahidi wa tabaka hilo kwa njia ya simu ya upepo. Mwaka 1901 Guglielmo Marconi, akiwa Newfoundland, alisema amesikia ishara iliyopelekwa kutoka Uingereza, ng'ambo ya bahari, mwendo wa maili zaidi ya 2,000. Wataalamu wakashangaa, maana mawimbi ya simu ya upepo huenda sawasawa, na dunia ni mviringo. Ilifaa yapotee juu angani. Mwaka 1902 Arthur Kennelly na Oliver Heaviside, kila mmoja peke yake, walisema ya kuwa huenda juu pana dari ya umeme inayoyarudisha mawimbi chini. Mwaka 1924 Edward Appleton wa Uingereza aliipima dari hiyo, akathibitisha ya kuwa ipo kweli. Kwa kazi yake alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Basi mfereji ulikwisha kujulikana. Ikabaki kujua ni kitu gani kinachousukuma umeme uende ndani yake.

3. Upepo utokao katika jua

Tarehe 1 Septemba 1859 Mwingereza mmoja, Richard Carrington, alikuwa akichora madoa ya jua. Ghafula aliona mwanga mweupe ukiwaka juu ya madoa hayo kwa dakika chache, kisha ukazimika. Baada ya muda wa saa 17 hivi, sindano za dira katika nchi nyingi zilirukaruka. Mianga ya kaskazini, ambayo kwa desturi huonekana katika nchi za baridi tu, ilionekana hata Cuba. Katika Marekani, makarani wa simu ya nyuzi kati ya miji ya Boston na Portland walitenga betri zao, wakapelekeana habari muda wa karibu saa mbili kwa umeme ulioingia katika waya wenyewe kutoka angani.

Ilikuwa dhahiri ya kuwa kitu fulani kimetoka katika jua na kufika duniani, ila ni kitu gani? Mwaka 1951 Mjerumani Ludwig Biermann aliangalia nyota zenye mikia, akaona ya kuwa mikia yao haifuati nyuma ya mwendo wao, bali siku zote huelekea mbali na jua, kama bendera ipeperushwavyo na upepo. Mwaka 1958 Eugene Parker wa Marekani alionyesha kwa hesabu ya kuwa hewa ya jua ni ya moto mno hata haiwezi kuzuiliwa. Haina budi kumwagika pande zote bila kukoma. Akaiita upepo wa jua. Wataalamu wengi hawakumsadiki. Lakini mwaka 1962 chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 2 kilisafiri kuelekea sayari ya Zuhura, nacho kiliuona upepo huo ukivuma kila siku ya safari yake.

Upepo wa jua si wa hewa kama yetu. Ni vumbi jembamba sana la elektroni na vipande vingine vya umeme, viitwavyo protoni. Mwendo wake ni kadiri ya maili 250 kwa sekunde moja, na hata hivyo huchukua siku nne hivi kutufikia, maana jua li mbali nasi kwa maili 93,000,000. Tena hauji mikono mitupu. Huchukua sehemu ya sumaku ya jua, ukaiburura pamoja nao mpaka kwetu. Sumaku hiyo ni dhaifu sana. Sumaku ya dunia, ikipimwa juu ya ardhi, huizidi kwa kadiri ya mara 5,000 au zaidi. Lakini udhaifu wake usimdanganye mtu, maana ufunguo ni mdogo kuliko mlango, nao ndio uufunguao.

4. Mlango unaofunguka kwa kusini

Watu wa pwani wajua vizuri ya kuwa haitoshi kuuliza upepo una nguvu gani. Hupasa kuuliza pia unaelekea wapi. Kaskazi huleta majahazi kutoka Uarabuni, na kusi huyarudisha kwao. Katika mambo ya upepo wa jua vivyo hivyo, upande ni jambo kubwa. Walakini pana tofauti mbili. Upepo wa jua watoka katika jua siku zote. Kinachogeuka ni sumaku iliyomo ndani yake, mara ikaelekea kaskazini, mara kusini. Tena kaskazi na kusi hubadilishana kwa miezi, bali sumaku hiyo yaweza kugeuka kwa dakika chache.

Sumaku ya dunia imeizunguka dunia kama ngao. Upande wa jua ngao hiyo husimama mbali nasi kadiri ya maili 40,000, nao upepo wa jua hupasuka mbele yake na kupita kandokando, kama maji ya mto yapitavyo kando ya jiwe kubwa. Mahali hapo mistari ya sumaku ya dunia huelekea kaskazini. Sumaku ya upepo wa jua ikielekea kaskazini nayo, mistari hiyo miwili hulala pamoja kwa amani, na mlango mkubwa wa mbele hubaki umefungwa. Lakini ikielekea kusini, mistari hupingana. Ndipo hukatika na kuungana upya, mstari wa jua na mstari wa dunia vikawa kitu kimoja. Jambo hili lilielezwa na Mwingereza James Dungey mwaka 1961.

Yanayofuata yaeleweka kwa mfano wa mvuvi na nyavu. Mstari uliounganishwa una ncha mbili: moja imeshika karibu na ncha ya dunia, na nyingine imo katika upepo wa jua. Upepo waenda mbio, nao huuvuta mstari huo juu ya ncha ya dunia kuelekea upande wa usiku, kama mkondo wa bahari uuvutavyo wavu. Upepo wa umeme ukivuka sumaku, huzaliwa nguvu ya umeme, kama izaliwavyo katika mtambo uzungushwao na maji ya maporomoko. Juu ya nchi za ncha ya dunia nguvu hiyo huwa kama volti 50,000, na wakati wa dhoruba kubwa yaweza kupita volti 200,000.

Umeme huo huteremka kwa kufuata mistari ya sumaku upande wa mapambazuko, hukata katika ayonosfia, kisha hupanda tena upande wa machweo. Sehemu yake nyingine hukusanyika katika mito mirefu inayopita juu ya nchi za baridi, kadiri ya maili 70 juu ya ardhi. Taa moja ya nyumbani hutumia umeme usiofika ampea moja, bali mito hiyo ya angani hubeba ampea 1,000,000 au zaidi. Ndiyo mikono iliyozigusa sindano za Uppsala na London.

Hata sumaku ya upepo wa jua ikiegemea ubavuni, kuelekea mashariki au magharibi, alama yake huonekana. Mwaka 1968 Leif Svalgaard wa Denmark, na mwaka 1969 Mansurov wa Urusi, walionyesha ya kuwa sindano zilizo karibu na ncha za dunia, katika Greenland na Antaktika, hubadilika kwa kufuata upande huo. Mtu aliyeketi katika theluji, akiitazama sindano yake tu, aliweza kujua sumaku ya upepo wa jua imeelekea wapi.

5. Mtu aliyesema kweli kabla ya wakati

Yafaa hapa kumkumbuka Kristian Birkeland, mwalimu wa chuo kikuu katika Norwei. Mwanzoni mwa karne ya 20 alisema ya kuwa mianga ya kaskazini yatokana na vipande vya umeme vitokavyo katika jua, na ya kuwa umeme mwingi hushuka kutoka mbali na kupanda tena kwa kufuata sumaku ya dunia. Hakusema kwa kukisia tu. Alitengeneza mpira wenye sumaku ndani yake mfano wa dunia, akautia katika sanduku la kioo lililotolewa hewa, akaurushia umeme, na mianga ikawaka karibu na ncha zake mbili.

Tena alikwenda kuyatazama mambo yenyewe mahali pake. Juu ya mlima Haldde, kaskazini ya Norwei, alijenga nyumba za kupimia sumaku, akakaa huko wakati wa baridi kali na tufani. Kazi hiyo ilikuwa na gharama yake. Mwenzake mmoja aliharibika vidole kwa baridi hata vikakatwa, na mwingine alifukiwa na theluji akafa. Mwaka 1902 na 1903 aliweka vituo vinne, katika Norwei, Iceland, Spitsbergen na Novaya Zemlya, ili sindano zipimwe kwa wakati mmoja.

Alikufa Tokyo mwaka 1917, na kwa muda wa miaka 50 wakubwa wa elimu hiyo walishikilia ya kuwa umeme wote huzunguka katika hewa tu, wala haushuki kutoka mbali. Katika miaka ya 1960 na 1970 vyombo vya Marekani vilivyoizunguka dunia vilipita katikati ya umeme huo huo unaoshuka na kupanda, vikaupima. Sasa huitwa mikondo ya Birkeland. Mwaka 1994 nchi yake ilitoa noti ya krona 200 yenye sura yake.

6. Mto ulio juu ya ikweta

Mtu asidhani ya kuwa mambo haya ni ya nchi za theluji peke yake. Mwaka 1922 nyumba ya kupimia sumaku ilianza kazi Huancayo, katika milima ya Peru. Watu wakaona ya kuwa sindano za huko husogea mchana zaidi sana kuliko za nchi nyingine. Sababu ni kwamba Huancayo i karibu na ikweta ya sumaku, yaani mstari uizungukao dunia mahali ambapo nguvu ya sumaku imelala sawasawa na ardhi, haikuinama juu wala chini. Juu ya mstari huo, kadiri ya maili 65 angani, mto mwembamba wa umeme hupita kila mchana kutoka magharibi kwenda mashariki.

Ikweta ya sumaku si ile iliyochorwa katika ramani za kawaida. Katika Afrika ya Mashariki haipiti Kenya, bali hupita kaskazini zaidi, katika Ethiopia. Mji wa Addis Ababa u karibu nayo, na huko sindano zimepimwa tangu mwaka 1958.

Mwaka 1968 Mjapani Atsuhiro Nishida alionyesha jambo linalounganisha habari yote. Sumaku ya upepo wa jua ikigeuka kusini na kaskazini, sindano za nchi za ncha ya dunia hutikisika, na sindano za ikweta hutikisika pamoja nazo, karibu kwa wakati mmoja. Nguvu ya umeme iliyoingia kwa mlango wa ncha ya dunia haikawii huko. Hupenya katika ayonosfia mpaka ikweta. Ikigeuka kusini wakati wa mchana, mto wa ikweta huongezeka. Ikirudi kaskazini ghafula, mto huo hupungua, na pengine hugeuka kwa muda ukaenda kinyume, toka mashariki kwenda magharibi.

7. Usiku wa giza katika Quebec

Huenda mwanafunzi akauliza, "Mito hiyo iko juu sana, nasi tuko chini. Yatuhusu nini?" Watu wa Quebec, katika Kanada, walipata jibu tarehe 13 Machi 1989. Upepo mkali wa jua ulikuwa umeipiga ngao ya dunia, na mito ya umeme angani ikavimba na kuyumba. Mto wa namna hiyo ukibadilika kwa haraka, nguvu yake ya sumaku hubadilika pamoja nao, na badiliko hilo huamsha umeme mwingine katika kila waya mrefu ulio chini. Mawe ya nchi ya Quebec hayapitishi umeme vizuri. Kwa hiyo umeme huo ulizifuata nyaya za mitambo.

Ilipata saa nane na dakika 44 za usiku. Kwa muda usiozidi dakika mbili mitambo ya kulinda nyaya ilijifunga mmoja baada ya mwingine, na jimbo zima likawa giza. Watu 6,000,000 hivi walikosa umeme, wengi wao kwa muda wa saa tisa, nao walikuwa katika baridi ya mwezi wa Machi. Hapakuwa na vita, wala tetemeko, wala radi.

Tangu zamani hizo mambo yategemeayo anga yamezidi. Ndege na meli hutafuta njia kwa ishara za vyombo vinavyoizunguka dunia, na ishara hizo hupita katika ayonosfia. Ikichafuka, njia huonyeshwa kwa makosa.

8. Walinzi wa mbele

Watu hawawezi kuuzuia upepo wa jua, lakini waweza kuweka walinzi. Kadiri ya maili 930,000 kutoka duniani, upande wa jua, pana mahali ambapo chombo chaweza kukaa daima kati ya jua na dunia. Huko kilipelekwa chombo kiitwacho ACE mwaka 1997, na kingine, DSCOVR, mwaka 2015. Kazi yao ni kuupima upepo kabla haujafika: mwendo wake, wingi wake, na zaidi ya yote upande wa sumaku yake. Ishara zao hufika upesi kuliko upepo wenyewe, na hivyo walinzi wa nyaya hupata nafasi ya nusu saa au saa nzima ya kujiweka tayari, kwa kupunguza mzigo wa mitambo yao.

Wala upande wa sumaku hauwezi kujulikana kwa kulitazama jua tu. Mtu aweza kuona mlipuko mkubwa juu ya jua leo, lakini asijue kama mlango utafunguka mpaka upepo utakapowafikia walinzi hao. Kwa hiyo saa moja hiyo ina thamani kubwa. Na chini yao, katika nyumba za kupimia za nchi nyingi, sindano ndogo bado zatazamwa mchana na usiku, kama Graham alivyoitazama ya kwake zaidi ya miaka 300 iliyopita.

MASWALI

1. Celsius na Hiorter waliona nini mwaka 1741? Kwa nini habari ya London iliwashangaza watu?
2. Eleza jaribio la Ørsted. Lilisaidiaje kufahamu mwendo wa sindano?
3. Kwa nini ayonosfia hupitisha umeme, na hewa ya chini haipitishi kwa urahisi?
4. Ni nini hutokea sumaku ya upepo wa jua ikielekea kusini? Na ikielekea kaskazini?
5. Birkeland alisema nini, na ilithibitishwa namna gani?
6. Upepo wa jua ukienda maili 500 kwa sekunde, utatoka kwa walinzi na kufika duniani kwa dakika ngapi?
7. Chukua sindano, isugue kwa sumaku upande mmoja mara nyingi, kisha uielekeze juu ya jani dogo katika bakuli la maji. Andika yote utakayoyaona.